Georg Cantor, mutu aliyelinganisha bila kuhesabu

Mutu yeyote aliyefanya kazi ya shimo kati ya Masisi na Walikale, iwe koltani ya upande wa Rubaya ao kasiterite ya upande wa Bisie, anajua etiketi. Ni kile kipande kidogo chenye namba kinachofungwa kwenye mufuko ili mufuko upite barabarani, uingie depo, ufike kontuari. Mufuko moja, etiketi moja: njo vile tuliambiwa tangu siku ya kwanza. Wachache wanajua kwamba maneno hayo manne yana historia, na kwamba mutu aliyeyachimba mpaka chini kabisa aliteseka sana. Jina lake Georg Cantor. Watoto wetu wa segonderi wanaandika kazi yake kwenye kaye bila kumujua: fonksio hii ni injektive, ile ni surjektive, ile ingine bijektive. Wazazi wengi wa hapa Kashuga wananiuliza ile maneno itawasaidia watoto nini. Basi nisimulie maisha ya muzee huyo, na jibu litatoka lenyewe.

Cantor alizaliwa tarehe 3 mwezi wa tatu 1845 katika muji wa Saint-Pétersbourg, Urusi. Baba yake alikuwa mufanyabiashara aliyezaliwa Danemark. Mama yake alitoka jamaa ya wapiga violini, na mutoto naye alipiga violini vizuri. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto sita. Mwaka 1856, afya ya baba ilipozoofika, wote walihamia Ujerumani, inchi yenye baridi kidogo kuliko ile ya Urusi. Baba alitaka mutoto awe enjenyeri, kazi ya kuleta mukate nyumbani. Georg alitii, akasoma shule ya ufundi Darmstadt, lakini moyo wake ulikuwa katika hesabu tupu. Mwaka 1862 aliomba ruhusa ya kubadili njia, baba akakubali, naye kijana akamwandikia barua ndefu ya kushukuru. Mwaka uliofuata baba akafa. Vijana wengi wa kwetu wanajua uzito wa kuachiwa ruhusa ya namna hiyo bila kupata wakati wa kuonyesha matunda yake.

Alisoma Zurich, kisha Berlin kwa maprofesa wakubwa wa wakati ule: Weierstrass, Kummer, na Leopold Kronecker. Muweke jina hilo la mwisho kichwani, litarudi. Alipata udokta mwaka 1867, akiwa na miaka 22, na mwaka 1869 akapata kazi kwenye chuo kikuu cha Halle. Halle ni muji ulioishi kwa chumvi karne na karne. Watu walichota maji ya chumvi chini ya ardhi na kuyapika mpaka chumvi ibaki. Kwa hiyo huyu mutu aliishi kati ya watu wanaojua kutoa mali chini, lakini chuo chake kilikuwa kidogo na mushahara haukuwa wa Berlin. Alifikiri atapita tu. Alibaki pale mpaka kufa.

Mwaka 1872, wakati wa likizo Uswisi, alikutana na mwanahesabu mwingine, Richard Dedekind, aliyemuzidi miaka 13. Dedekind alifundisha Braunschweig, mutu mutulivu asiyependa kelele. Urafiki wao ulikuwa wa barua, na ndani ya barua hizo kazi yote ilizaliwa.

Hapa tusimame kidogo, maana bila kuelewa kitu chenyewe, maisha ya huyu muzee hayana ladha.

Kulinganisha vikundi viwili, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuhesabu huku, kuhesabu kule, kisha kutazama kama jumla ni sawa. Ya pili ni kuunganisha kimoja na kimoja. Mufugaji wa Masisi asiyejua kusoma anaweza kuweka jiwe moja kwa kila ng'ombe anayetoka asubuhi, na jioni kutoa jiwe moja kwa kila ng'ombe anayerudi. Jiwe likibaki, ng'ombe amepotea. Hakuhesabu hata kidogo, na hakuna atakayemudanganya. Njia hii ni ya zamani sana, na sisi wa Kivu ya Kaskazini tuna haki ya kujisifu: mwaka 1950, pale Ishango, mahali Semliki inapotoka katika ziwa Édouard, Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mufupa wenye mikato iliyopangwa kwa mistari mitatu, wa miaka karibu 20.000. Wataalamu wanabishana mikato ile ilikuwa ya kuhesabu nini. Lakini kukata alama moja kwa kitu kimoja, ndiyo kazi yenyewe. Mufupa uko Bruxelles leo. Hilo ni palabre ya siku ingine.

Sasa turudi kwenye mifuko. Fonksio, kwa lugha ya shimo, ni sheria inayompa kila mufuko etiketi moja, si sifuri, si mbili. Mufuko usio na etiketi, ao wenye etiketi mbili, hapo hata fonksio hakuna, kuna fujo. Fonksio ni injektive kama hakuna mifuko miwili inayobeba namba moja. Ni surjektive kama kila namba iliyotolewa kwa shimo ile ina mufuko wake, hakuna etiketi inayobaki mufukoni mwa mutu. Ikiwa yote mawili ni kweli, ni bijektive: kila mufuko na yake, kila etiketi na wake, na unaweza kutoka mufuko kwenda etiketi ao kutoka etiketi kurudi kwa mufuko bila kupotea njia.

Si unaona kwamba haya ni makosa mawili tofauti? Namba moja ikitokea kwenye mifuko miwili, kuna mufuko umeingia kwa mulango wa nyuma, na siku ya malipo wachimbaji wawili watagombana juu ya kilo zile zile. Lakini etiketi ikibaki bila mufuko, hakuna anayelia siku ile. Inakaa kimya mufukoni mwa mutu mpaka ikutane na mufuko wa mahali pengine, labda mahali bunduki ndiyo inakusanya kodi, na mufuko ule unasafiri kwa jina la shimo letu. Kosa la kwanza linaonekana haraka. La pili ndilo linaloua jina la site nzima. Na mutu anayechunguza upande moja tu, hata akiwa na roho safi, ataona moja na kukosa lingine.

Vilevile jetoni za chakula kambini. Wakimbizi waliofika Kashuga kwa miaka hii yote wanajua: jamaa mia, jetoni mia, jumla sawa, na hata hivyo kuna mama amerudi na mikono mitupu sababu nyumba fulani ilipata mbili. Jumla kuwa sawa ni nusu tu ya ukweli. Lakini kuna jambo zuri ambalo watoto wa segonderi wanalifundishwa: kama jamaa ni mia na jetoni ni mia, na kila jamaa imepata moja, na umehakikisha hakuna mbili zilizopewa jetoni ile ile, basi hakuna jetoni iliyobaki. Injektive inaleta surjektive yenyewe. Ni kweli kwa mia, kwa elfu, kwa hesabu yoyote yenye mwisho.

Cantor aliuliza: na kama vitu havina mwisho?

Hapo ndipo ardhi inaanza kutikisika. Chukua namba zote, 1, 2, 3, bila mwisho. Chukua pembeni zile za 2, 4, 6 peke yake. Mutu atasema hizi za pili ni nusu. Lakini peleka 1 kwa 2, 2 kwa 4, 3 kwa 6, na kuendelea: kila moja imepata mwenzake, hakuna anayebaki upande wowote. Bijektive. Nusu imekuwa sawa na nzima! Galilée wa Italia aliliona jambo la namna hii katika karne ya 17, akaliacha. Cantor hakuliacha. Tarehe ya mwisho ya mwezi wa kumi na moja 1873 ilikuwa inakaribia alipomwandikia Dedekind kuuliza kama namba 1, 2, 3 zinaweza kuunganishwa moja kwa moja na nukta zote za mustari. Dedekind hakuwa na jibu. Siku chache baadaye, mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili, Cantor alipata hakikisho: haiwezekani. Hata upange namna gani, kuna nukta zitabaki bila namba. Maana yake kuna mukubwa wa bila mwisho na kuna mukubwa kuliko ule. Kabla yake hakuna mutu aliyewahi kuonyesha jambo hilo. Alikuwa na miaka 28.

Alichapisha mwaka 1874, mwaka alioa Vally Guttmann. Walizaa watoto sita.

Sasa kisa cha mwaka 1877, ninachokipenda kuliko vyote. Cantor alijiuliza kama nukta zote za ndani ya kare moja zinaweza kuunganishwa na nukta za upande moja wa kare ile. Sisi tunajua kare: ile eneo ambayo mutu anakuja na karatasi anasema ni yake. Fikiri kamba ya mupaka upande moja tu, na uso wote wa ardhi ndani. Kila mutu wa akili atasema ndani kuna nukta nyingi kuliko kwenye kamba. Cantor naye alifikiri hivyo miaka mitatu.

Njia yake ilikuwa rahisi mpaka inachekesha. Nukta ya ndani ina anwani ya namba mbili: umbali kutoka kushoto, na umbali kutoka chini. Kila moja ni sifuri, koma, kisha tarakimu bila mwisho. Chukua tarakimu ya kwanza ya namba ya kwanza, ya kwanza ya namba ya pili, ya pili ya namba ya kwanza, ya pili ya namba ya pili, uzisuke kama mukeka. Umepata namba moja, yaani nukta moja ya kamba. Nukta mbili tofauti za ndani haziwezi kuangukia mahali pamoja kwenye kamba. Cantor akaona amemaliza, akatuma kwa Dedekind.

Dedekind akachunguza ule upande mwingine. Alikumbusha kwamba kuna namba zinazoandikwa kwa namna mbili: 0,5 ni sawa na 0,4999 yenye tisa bila mwisho. Ili kusiwe na fujo, lazima kuchagua namna moja ya kuandika na kukataa ingine. Lakini ukikataa ile inayoishia kwa sifuri bila mwisho, basi kuna nukta za kamba ambazo ukizifumua zinakupa anwani yenye sifuri zile zile ulizokataza. Nukta hizo hazifikiwi na mutu yeyote wa ndani ya kare. Kwa maneno yetu: fonksio ilikuwa injektive, haikuwa surjektive. Etiketi zilibaki mufukoni.

Mukubwa wa siku hizi angekasirika. Cantor alikubali palepale kwamba rafiki ana haki, na ndani ya siku chache akaleta njia ingine, ngumu zaidi, ya sehemu zilizowekwa ndani ya sehemu, ambapo pande zote mbili zilifungwa. Mwisho wa mwezi wa sita 1877 alimwandikia tena, kwa Kifaransa katikati ya Kijerumani, kwamba macho yake yanaliona jambo lakini moyo wake hausadiki. Kare na kamba zina nukta sawa. (Wenye kare wasiogope: eneo halipungui kwa sababu hiyo. Kuunganisha huku kunatawanya majirani, nukta iliyokuwa karibu na mwenzake inatupwa mbali. Wingi wa nukta si upana wa ardhi.)

Hakikisho hilo lilichelewa kuchapishwa, likatoka mwaka 1878, na Cantor aliamini kwamba Kronecker alilizuia. Kronecker alikuwa mwalimu wake wa zamani, tajiri, mwenye sauti kubwa Berlin. Kwake yeye hesabu ni namba nzima, na kile kinachojengwa kutoka kwa hizo kwa hatua zenye mwisho. Maneno ya bila mwisho mukubwa na bila mwisho mudogo aliyaona kama uchawi wenye koti. Alikuwa na haki ya kutokubali. Lakini mutu mwenye cheo akitokukubali, mulango wa kazi nao unafungwa. Cantor alitamani kiti Berlin, hakukipata hata siku moja.

Mwezi wa tano 1884 akili yake ilivunjika. Wengi wamesimulia kwamba Kronecker alimutia wazimu. Mimi sikubali kabisa. Wanaosoma habari zake leo wanaona ugonjwa wa kupanda na kushuka, siku za moto na siku za giza, ambao ungekuja hata bila adui. Adui aliufanya uwe mubaya zaidi, hiyo ndiyo sawa kusema. Alipopona mara ya kwanza, alimwandikia Kronecker mwenyewe kutafuta amani. Walipatana kidogo, kwa maneno tu.

Alikuwa pia mutu wa dini sana. Wakristo wengine waliogopa kwamba kusema kuna ukubwa wa bila mwisho wa namba ni kugusa cheo cha Mungu. Aliandikiana barua na mapadri wa Kikatoliki, ijapokuwa yeye alikuwa Muprotestanti, akaeleza kwamba namba zake, hata ziende wapi, hazifiki kwa Mungu. Juu yake kuna ukubwa ambao hakuna hesabu inaufunga.

Kisha alifanya jambo ambalo sisi wa sendika tunapaswa kulijua. Aliona kwamba kijana mwanahesabu akiwa peke yake mbele ya mukubwa moja wa Berlin, atapondwa. Akapiga miguu, akaandika barua kila muji, na mwaka 1890, Bremen, Umoja wa Wanahesabu wa Ujerumani ukazaliwa, yeye akachaguliwa mukubwa wa kwanza. Mukutano wa kwanza ulifanyika Halle mwaka 1891. Na nani alialikwa kusema mbele ya wote? Kronecker. Hakufika, maana muke wake alikuwa amepata ajali milimani na akafa. Naye Kronecker akafa mwisho wa mwaka ule ule. Umoja ule uko mpaka leo.

Mwaka huo Cantor alileta hakikisho lake zuri kuliko yote. Nitaliweka katika daftari ya shimo. Tuseme kuna daftari isiyo na mwisho: kila mustari ni wa muchimbaji moja, kila safu ni siku moja, na ndani ni alama mbili tu, ameshuka ao hakushuka. Mwandishi anajidai kwamba daftari yake ina kila namna ya mwendo inayowezekana, haikukosa hata moja. Usibishane naye. Chukua kipande cha karatasi. Tazama siku ya kwanza ya muchimbaji wa kwanza, uandike kinyume. Siku ya pili ya muchimbaji wa pili, kinyume. Siku ya tatu ya wa tatu, kinyume, na kuendelea. Karatasi yako ina mwendo ambao si wa mutu wa kwanza, maana wanatofautiana siku ya kwanza. Si wa mutu wa pili, wanatofautiana siku ya pili. Si wa mutu yeyote wa daftari. Mwandishi akiuongeza, unarudia kazi, unapata mwingine. Fonksio kutoka 1, 2, 3 kwenda kwa mienendo yote haiwezi kuwa surjektive, hata apange nani. Mutoto wa miaka 15 anaweza kulishika hili kwa nusu saa, na hakuna profesa aliyelibomoa.

Swali moja lilimushinda: kati ya ukubwa wa 1, 2, 3 na ukubwa wa nukta za mustari, kuna ukubwa mwingine katikati? Siku fulani aliamini ameonyesha kwamba hakuna, kesho yake kazi ikavunjika. Ilikuwa lazima ivunjike. Kurt Gödel mwaka 1940 na Paul Cohen mwaka 1963 walionyesha kwamba kwa sheria za kawaida za hesabu huwezi kulikataa jambo hilo wala kulihakikisha.

Mwezi wa kumi na mbili 1899, Cantor akiwa Leipzig kutoa masomo, mutoto wake mudogo Rudolf, aliyekuwa na kipaji cha violini, alikufa nyumbani ghafula. Hakuwa amefikisha miaka 13. Tangu hapo muzee alirudi hospitali mara nyingi. Heshima zilikuja zikiwa zimechelewa: Waingereza walimupa medali mwaka 1904, na vijana wa hesabu wa inchi nyingi walikuwa wanajenga juu ya kazi yake. Maneno yenyewe, injektive, surjektive na bijektive, hakuyajua. Yaliwekwa na kundi la Wafaransa waliojificha chini ya jina moja la Nicolas Bourbaki, katika miaka ya 1950, na kwa vitabu vya Kifaransa yakafika mpaka kwenye kaye za watoto wa Mweso na Kashuga.

Aliacha kufundisha mwaka 1913. Mwaka uliofuata vita ikaanza, na chakula kikawa haba Ujerumani. Mwezi wa sita 1917 alipelekwa tena hospitali ya Halle, bila kutaka. Alimwandikia muke wake barua nyingi akiomba arudishwe nyumbani. Alikonda. Alikufa pale kwa moyo tarehe 6 mwezi wa kwanza 1918, vita ikiwa bado haijaisha.